Nyuzi, miluzi au mtelezo: ushike resonansi ipi, na kwenye magnetosfia ya sayari gani?

Wanafunzi wanaoingia fizikia ya anga hawaniulizi tena resonansi ni nini. Wananiuliza washike ipi. Wamekwisha kusoma kwamba magnetosfia, yaani eneo ambamo uga wa sumaku wa sayari ndio wenye kauli, imejaa plazma (gesi ya chembe zenye chaji ya umeme; kamusi zinaiita utegili), na kwamba plazma hiyo haitulii: inavuma, inapiga miluzi, inatikisika kwa dakika kadhaa na kuendelea kutikisika. Sasa wanatakiwa waandike pendekezo la mradi. Mmoja anataka Mshtarii kwa kuwa ndio mkubwa kuliko zote. Mwingine anataka mawimbi ya kwaya kwa kuwa aliyasikia yamegeuzwa sauti, yakalia kama ndege wa alfajiri. Sina ugomvi na sababu hizo, ila hakuna hata moja itakayomfaa mwezi wa tatu wa mradi, data itakapogoma kusema.

Mimi nachagua kwa saa. Anayesukuma bembea hahitaji nguvu nyingi. Anahitaji kusukuma wakati ule ule bembea inapogeuka. Resonansi ni hivyo: wimbi lina mwendo wake, kitu kilicho ndani ya magnetosfia kina mwendo wake, na miendo hiyo miwili inapolingana nishati huhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza ni saa gani unataka kuisoma. La pili, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa, ni kama data uliyo nayo inaweza kuisoma saa hiyo.

Saa nne mahali pamoja

Chukua elektroni moja yenye nishati ya MeV 1, uiweke kwenye obiti ya setilaiti za mawasiliano, nusukipenyo 6.6 za Dunia kutoka kitovuni. Uga wa sumaku pale ni nanotesla 100 na ushei. Elektroni hiyo ina shughuli tatu kwa pamoja. Inauzunguka uzi wa sumaku, yaani mstari wa uga unaotoka kizio kimoja hadi kingine, mzunguko mmoja kwa milisekunde moja hivi. Inadunda kati ya kizio cha kaskazini na cha kusini, kwenda na kurudi kwa kama nusu sekunde. Na inateleza kuelekea mashariki mpaka imeizunguka Dunia yote kwa dakika kumi hivi. Saa ya nne si ya elektroni. Ni ya uzi wa sumaku wenyewe, ambao ukiguswa hutikisika kwa kipindi cha dakika moja hadi kadhaa.

Kati ya saa ya kwanza na ya tatu pana tofauti ya mara laki sita. Ndiyo maana mtu akisema "nachunguza mawimbi ya magnetosfia" bado hajasema kitu.

| Resonansi | Kinacholingana na wimbi | Kipindi karibu na obiti hiyo | Unachohitaji |
|---|---|---|---|
| Ya nyuzi | mtikisiko wa uzi mzima wa sumaku | dakika moja hadi kadhaa | magnetomita (vipima uga wa sumaku) mbili ardhini |
| Ya saiklotroni | mzunguko mdogo wa elektroni au ioni | milisekunde kwa elektroni, sekunde moja hivi kwa ioni | setilaiti yenye antena na koili za kunasa mawimbi |
| Ya mtelezo | safari ya chembe kuizunguka sayari | dakika kumi hivi | kihesabu chembe chenye ngazi nyingi za nishati |
| Ya kuchokozwa | plazma ikilia baada ya kupigwa mpigo wa redio | sehemu ndogo ya milisekunde | chombo chenye kisambazi chake |

Mdundo nao una resonansi yake. Nimeuacha nje ya jedwali kwa makusudi. Kuutenga na zile nyingine ndani ya data ni kazi ya aliyekwisha kuzoea.

Nyuzi

Mwaka 1859 dhoruba kubwa ya sumaku iliipiga Dunia, na vyombo vya kituo cha Kew, Uingereza, vikaiandika. Balfour Stewart alipochapisha maelezo yake mwaka 1861 alitaja vitikisiko vidogo vilivyopanda juu ya mabadiliko makubwa, vya kipindi cha sekunde na dakika. Maelezo ya chanzo chake yalikawia karibu karne nzima. Mwaka 1942 Hannes Alfvén alionyesha kwamba kiowevu kinachopitisha umeme, kikiwa ndani ya uga wa sumaku, kinaweza kubeba wimbi linalosafiri kufuata uzi wa sumaku jinsi mtikiso unavyokimbia kwenye kamba iliyovutwa. Mwaka 1954 James Dungey akaliweka wazo hilo juu ya Dunia: ncha mbili za uzi zimefungwa kwenye ionosfia, tabaka la juu la anga linalopitisha umeme, moja kaskazini na moja kusini, basi uzi huo una sauti zake maalumu kama uzi wa zeze.

Uzuri wake uko kwenye hesabu. Kasi ya wimbi la Alfvén ni nguvu ya uga ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha msongamano wa plazma. Nguvu ya uga tunaijua vizuri, na urefu wa uzi pia. Kilichobaki bila kujulikana ni uzito wa plazma tu. Uzito huo ukiongezeka mara nne, kipindi kinakuwa maradufu. Kwa hiyo ukisikia sauti ya uzi umekwisha kuupima uzani, na unapata ioni zote ndani yake, hata zile nzito za oksijeni ambazo vihesabu elektroni haviwezi kukutofautishia.

Nani anaupiga uzi? Mwaka 1974 maandiko mawili, moja la David Southwood na jingine la Liu Chen na Akira Hasegawa, yalitoa jibu ambalo bado ndilo tunaloanzia. Upepo wa jua unapopita ubavuni mwa magnetosfia huamsha mawimbi kwenye mpaka, kama upepo unavyoamsha mawimbi juu ya maji. Wimbi hilo huingia ndani likififia, mpaka likute tabaka la nyuzi ambazo sauti yao ya asili inalingana na lake. Hapo halififii tena, linakusanya nishati. Dalili yake haifichiki: ukivuka tabaka hilo kutoka kusini kwenda kaskazini, ukubwa wa mtikiso unapanda na kushuka, na awamu, yaani mahali mtikiso ulipofika katika mzunguko wake, inageuka kwa karibu digrii 180.

Dalili hiyo ndiyo inayofanya njia hii iwe ya mtu yeyote mwenye kompyuta. Unachukua magnetomita mbili zilizo kwenye longitudo moja, zimeachana kilomita mia moja au mia mbili kaskazini-kusini. Kila moja iko chini ya uzi wenye sauti tofauti kidogo. Unatoa awamu ya moja kwenye ya nyingine. Pale tofauti inapofika kileleni ndipo palipo sauti ya uzi ulio katikati yao. Kutoka ardhini unaipima plazma iliyo maelfu ya kilomita juu ya ikweta.

Kasoro zake nazijua, maana zimenila muda. Ionosfia iliyo kati yako na magnetosfia huzungusha mwelekeo wa mtikiso kwa digrii 90 na kusawazisha chochote kilicho kidogo kuliko kilomita mia hivi, kwa hiyo kutoka ardhini usitafute maumbo madogo madogo, huwezi kuyaona. Wakati mwingine ncha moja ya uzi ina jua na nyingine ina giza. Ile ya gizani hupitisha umeme vibaya, inakuwa kama haikufungwa, na uzi unatoa sauti ya chini kuliko ulivyotarajia. Asiyejua hilo huhesabu plazma nzito isiyokuwapo. Tena kuna kuchanganya na resonansi za Schumann, zile za Hz 7.8 na kuendelea. Hizo ni mawimbi ya umeme wa radi yaliyonaswa kati ya uso wa Dunia na ionosfia, chini kabisa ya magnetosfia, wala nyuzi hazihusiki. Mtandaoni yanaandikwa mengi kuzihusu na mengi hayana maana.

Miluzi na kwaya

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Heinrich Barkhausen alikuwa akisikiliza simu za maadui kwa kutumia vikuzaji vilivyounganishwa na ardhi. Badala ya mazungumzo alisikia miluzi ikishuka kutoka sauti nyembamba kwenda nene, na mwaka 1919 akaandika kuihusu. Owen Storey ndiye aliyeifafanua mwaka 1953. Radi ikipiga, sehemu ya mawimbi yake hupenya ionosfia, hufuata uzi wa sumaku hadi kizio cha pili, na njiani marudio (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) ya juu hutangulia yale ya chini. Kuchelewa huko kulimwonyesha kwamba hata nusukipenyo kadhaa za Dunia mbali, anga lina mamia ya elektroni kwa kila sentimita moja ya ujazo, wakati wengi walidhani ni tupu.

Mluzi wa radi ni msafiri tu. Resonansi yenyewe huanza pale wimbi la jamii hiyo hiyo linapokutana na elektroni. Wimbi la mluzi linazunguka upande ule ule ambao elektroni inazunguka uzi, ila polepole zaidi. Ili zilingane, elektroni inabidi iliendee wimbi, ilisikie limepanda, kama unavyosikia honi ya gari linalokujia imekuwa nyembamba. Zikikutana kwa kasi inayofaa, uga wa umeme wa wimbi unaonekana kwa elektroni kama umesimama, nayo inasukumwa upande mmoja bila kupumzika. Hapo mambo mawili yanaweza kutokea: elektroni inapoteza mwelekeo wake, inadondoka kwenye anga na kuwasha aurora, au inapata nishati na kuwa miongoni mwa zile zinazoua vifaa vya setilaiti.

Mwaka 1966 Charles Kennel na Harry Petschek walionyesha kwamba mchezo huu unajiwekea kikomo. Elektroni zikizidi ndani ya mkanda wa mionzi unaoizunguka Dunia, zenyewe huamsha mawimbi, na mawimbi huzimwaga mpaka zipungue. Sijaona wazo jingine katika somo hili linaloeleza mengi kwa maneno machache namna hiyo.

Kwaya, yaani mawimbi ya jamii ya mluzi yanayoamshwa na elektroni zenyewe, ndiyo tajiri kuliko yote hapa. Katika nusukipenyo 5 za Dunia, kwenye ikweta, elektroni huzunguka kama mara elfu saba kwa sekunde, na kwaya hulia kati ya sehemu ya kumi na sehemu nane za kumi za marudio hayo, na pengo la ajabu katikati, kwenye nusu kamili. Kila mlio hupanda kwa sehemu ya sekunde. Setilaiti ya Kijapani ya Arase, iliyorushwa Desemba 2016, iliona milio hiyo ikimwaga elektroni sambamba na aurora ile inayozima na kuwaka. Ukilinganisha na nyuzi, hapa sababu na matokeo vimekaa karibu sana.

Ioni zina toleo lao. Mawimbi yake yana kipindi cha sekunde moja moja na huzunguka upande wa ioni, kinyume na wa elektroni. Elektroni yenye nishati kubwa sana inaweza kulipita wimbi hilo kwa kasi kiasi cha kuliona limegeuka, likazunguka upande wake. Resonansi inapatikana kwa mlango wa nyuma. Mwanafunzi mmoja alinibishia kwa wiki mbili kwamba hilo haliwezekani, mpaka alipochora.

Kwa nini basi simwelekezi kila mtu huku? Kwa sababu ya data na kwa sababu ya hisabati. Kuona mlio mmoja wa kwaya unahitaji sampuli maelfu kwa maelfu kila sekunde, na setilaiti haiwezi kutuma zote chini. Hutuma vipande vilivyochaguliwa. Utajikuta unaandika kuhusu sekunde sita za siku moja. Na milio inayopanda haitoki kwenye nadharia rahisi ya mawimbi madogo: elektroni hunaswa ndani ya wimbi, hulibadilisha, nalo huzibadilisha. Mwenye mwaka mmoja tu atamaliza mwaka akiwa bado anajifunza lugha.

Mtelezo

Hii inachagua mawimbi yale yale ya nyuzi lakini inamtazama mwingine: si uzi, bali chembe inayozunguka sayari. Elektroni ikimaliza mzunguko wake kwa muda unaolingana na wimbi, kila mara inakuta uga wa umeme umeelekea upande ule ule, basi inasukumwa ndani na kupata nishati, au nje na kupoteza. Kwenye data utaona mistari: idadi ya elektroni inapanda na kushuka kwa kipindi cha wimbi, na awamu ya mistari hiyo inageuka kwa digrii 180 unapoipita nishati ile hasa inayolingana. Ukiona mgeuko huo huna haja ya kubishana na mtu.

Kuna kesi kubwa imekaa hapa. Mikanda ya Van Allen, iliyogunduliwa 1958, hujazwa na nani: mtelezo unaosukuma elektroni ndani kutoka mbali, au kwaya inayozipa nishati pale pale zilipo? Setilaiti mbili za Van Allen Probes, zilizorushwa Agosti 2012, zilionyesha dhoruba ya Oktoba mwaka huo ambapo kilele cha elektroni kilizaliwa ndani ya mkanda wenyewe. Ile ilikuwa karata ya kwaya. Lakini ipo mifano ambapo mtelezo unatosha. Usichague upande kabla ya kuchagua dhoruba.

Kuchokoza plazma

Njia ya nne haingoji kitu. Chombo hutuma mpigo mfupi wa redio, hunyamaza, na kusikiliza. Kwenye marudio fulani plazma huendelea kulia baada ya mpigo kuisha: kwenye mzunguko wa elektroni na vizidisho vyake, kwenye marudio ya plazma yenyewe, na kwenye muungano wa hayo mawili. Setilaiti ya Kanada ya Alouette 1, iliyorushwa Septemba 1962 kuitazama ionosfia kutoka juu, ilirudisha picha zenye misumari kwenye marudio hayo. Chombo cha Ulysses kilifanya hivyo hivyo kilipopita ndani ya pete ya plazma ya Io, mwezi wa Mshtarii, Februari 1992.

Kwa usahihi haina mpinzani. Msumari ukikaa kwenye kHz 28, plazma ina elektroni 10 kwa sentimita ya ujazo, basi. Lakini ni resonansi ya kupimia. Haikuambii nishati inahamia wapi. Ichague kama unapenda vyombo.

Sayari nayo ina kauli yake

Utaridi ni mdogo mno hata sheria tulizozoea zinaanza kuchanika. Mpaka wa mbele wa magnetosfia yake uko kilomita 3,500 hivi kutoka kitovu, pungufu ya nusukipenyo cha Dunia. Nyuzi ni fupi, kwa hiyo kipindi chake ni sekunde chache tu. Sasa pima: uga ukiwa nanotesla 100, protoni huzunguka mara moja kwa theluthi mbili za sekunde, na ioni ya sodiamu, iliyo nzito mara 23, huhitaji sekunde 15. Yaani uzi unatikisika haraka kuliko sodiamu inavyoweza kufuata! Karibu na Dunia tunaichukulia plazma kuwa kitu kimoja kizito kinachobebwa na uzi. Huku kila aina ya ioni inakwenda njia yake, na resonansi mpya huzaliwa kati ya ioni moja na nyingine. Tena hakuna ionosfia ya kufungia ncha. Chombo cha MESSENGER kiliizunguka sayari hiyo kuanzia 2011 hadi Aprili 2015, na data yake bado haijakamuliwa ikaisha. BepiColombo, iliyorushwa Oktoba 2018, imebeba obita mbili kwa ajili ya huko. Kwa anayetaka swali ambalo majibu yake hayajagandamana, ningesema Utaridi kabla ya Mshtarii.

Mshtarii ndio mtego. Kila kitu kiko kikubwa: Io hutema kama tani moja ya sulfuri na oksijeni kila sekunde, sayari inazunguka kwa chini ya saa 10 na kuitupa plazma hiyo nje, ikaja kulala kama sahani kwenye ikweta. Uzi wa Mshtarii kwa hiyo ni uzi wenye fundo zito katikati: wimbi hujikokota ndani ya sahani, likitoka linakimbia. Vipindi vya makumi ya dakika vinaonekana kila mahali, kwenye redio, kwenye aurora, hata kwenye mionzi ya eksi. Julai 2017 darubini ya XMM-Newton iliona mionzi hiyo ikiwaka kila dakika 27 huku Juno, chombo kinachoizunguka sayari hiyo, ikirekodi mawimbi ya kipindi hicho hicho kule nje. Kazi ile ni ya kupendeza, na ilihitaji vyombo viwili kwa wakati mmoja. Wewe ukiwa na Juno peke yake, ikipita kwa kasi, utajuaje kama kilichobadilika ni wakati au ni mahali?

Nami nilinaswa. Niliwahi kukaa siku tatu nikishangilia mstari mwembamba, safi, usioyumba, wa kipindi cha sekunde 30 kwenye data ya magnetomita ya Juno. Ulionekana kila mahali nilipotazama, na hilo ndilo lilipaswa kunishtua. Juno inajizungusha mara mbili kwa dakika.

Kuna mlango mdogo ndani ya Mshtarii ninaoupenda: Ganymede, mwezi wenye uga wake wa sumaku ndani ya uga wa sayari. Kwaya iliyopimwa na chombo cha Galileo karibu nao ina nguvu kufikia mara milioni kuliko ya jirani zake. Chombo cha JUICE kiliondoka Aprili 2023 kuelekea huko na kinatarajiwa kuufikia Mshtarii mwaka 2031, kwa hiyo anayeanza leo atakuwa tayari data ikifika.

Zohali niliupita haraka kwa miaka mingi na nilikosea. Maji yanayotoka kwenye mwezi wake Enceladus yakigeuka ioni huanza kuuzunguka uga mara moja, yakiamsha mawimbi ya ioni kwa marudio yanayotegemea uzito wao. Kwenye obiti ya mwezi huo kipindi ni sekunde tatu na nusu hivi. Marudio ya wimbi yanakutajia molekuli! Chombo cha Cassini kilikaa huko tangu 2004 hadi Septemba 2017, kwa hiyo kuna miaka 13 ya data ya chombo kimoja, jambo ambalo sayari nyingine za nje hazina. Uranusi una mpito mmoja wa Voyager 2, Januari 1986, uliokuta mawimbi makali ya jamii ya mluzi. Mtu hajengi tasnifu juu ya mpito mmoja.

Nani achukue nini

Mwenye miezi sita na kompyuta ya kawaida achukue nyuzi za Dunia. Data ya magnetomita za ardhini iko wazi kupitia mitandao ya INTERMAGNET na SuperMAG, na kuna jambo moja dogo linalowaangusha wengi: data ya dakika moja haifai ila kwa mitikisiko mirefu, ile ya Pc5 yenye kipindi cha sekunde 150 hadi 600. Kwa Pc3 na Pc4, yaani sekunde 10 hadi 150, chukua ya sekunde moja.

Mwenye miaka mitatu na msimamizi anayejua plazma aingie kwaya, kwa data ya Van Allen Probes au Arase. Asiende kwaya bila msimamizi. Van Allen Probes zipo kwenye CDAWeb, tovuti ya data ya NASA, na maktaba ya PySPEDAS ya lugha ya Python itakupunguzia wiki za kupakua na kubadilisha vipimo. Hizo hizo zinamfaa wa mtelezo, ambaye ningemshauri aanze na tukio moja lenye mgeuko wa awamu ulio wazi, kisha ndipo atafute takwimu. Za Juno, Cassini na MESSENGER zimehifadhiwa kwenye PDS, hifadhi ya NASA ya data za sayari, na huko maelezo ya faili huchukua muda mrefu kusoma kuliko data yenyewe.

Ukiwa bado hujaamua, fanya jaribio la wiki moja. Chukua siku moja tulivu, vituo viwili vya longitudo moja, data ya sekunde moja, saa za mchana. Chora tofauti ya awamu dhidi ya marudio na wakati. Ukiona ukanda unaopanda na kushuka taratibu kuanzia asubuhi hadi jioni, umekwisha kuusikia uzi, na utajua kama moyo wako umetaka kuujua zaidi au umetaka kumjua aliyeupiga. Wa kwanza abaki na nyuzi. Wa pili afungue data ya setilaiti zilizokuwa juu saa ile ile, na kabla ya chochote atafute muda ambao kila moja inajizungusha.